BARIDI YA MILIMANI: HITA YA UMEME YATAKA NIDHAMU

Ndugu askari wa jeshi na polisi, watu wa nchi za mbali wakilisikia jina la Uganda hudhani kwamba nchi yetu yote ni ya jua kali, kwa kuwa mstari wa ikweta unapita ndani yake. Askari aliyewahi kupelekwa kazini Kabale, Kisoro au Kapchorwa hawezi kudanganyika hivyo. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka Soroti na blanketi moja hujuta usiku wa kwanza tu. Katika miezi ya Juni na Julai, mbingu zikiwa safi bila mawingu, joto la mchana hupotea upesi baada ya jua kutua, na alfajiri mabonde hujaa ukungu mzito.

Baridi hiyo humsumbua kila mtu, lakini huwaelemea zaidi watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa kifua. Kwa hiyo kila familia katika kota za askari hutafuta njia ya kupata joto. Makala haya yanazungumzia njia mbili zinazotumika: jiko la makaa lililoingizwa chumbani, na hita ya umeme. Njia ya kwanza imezoeleka sana, nayo ina hatari kubwa isiyoonekana kwa macho. Njia ya pili ni salama zaidi, ila kwa sharti moja, kwamba anayeitumia awe na nidhamu ile ile aliyofundishwa juu ya silaha yake.

SIGIRI NDANI YA CHUMBA

Tuanze na jiko la makaa, ambalo hapa kwetu twaliita sigiri. Tuchukue mfano wa askari anayerudi kutoka lindo saa sita ya usiku, sare yake imelowa kwa mvua. Mkewe ameyaacha makaa yawake ili chakula kisipoe. Baada ya kula, wanaiingiza sigiri chumbani, wanafunga dirisha, wanaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia, kisha wanalala pamoja na watoto wao. Hakuna moshi wala harufu, maana makaa yamekwisha kushika vizuri. Wanaamini kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha.

Kumbe hatari ingali imo chumbani. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, na katika chumba kilichofungwa hewa hiyo hukusanyika na kuzidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Kazi ya damu ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika ubongo, moyo na viungo vyote. Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo hewani, huinyang'anya oksijeni nafasi yake, na mtu hukosa pumzi huku kifua chake kikipanda na kushuka kama kawaida.

Aliye macho huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu, na miguu yake hulegea. Aliyelala hasikii dalili hizo. Hutoka katika usingizi akaingia katika mauti bila kugeuka upande. Ndiyo sababu mara nyingine familia nzima hukutwa imelala kitandani asubuhi, na majirani wasiojua chanzo chake hutafuta mchawi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje penye hewa safi upesi, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Wako watu wanaomnywesha maziwa. Maziwa huingia tumboni, na sumu imo katika damu; zaidi ya hayo, aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa nayo akafa. Kanuni basi ni moja, na ifahamike katika kila kota: sigiri hailali chumbani. Hali kadhalika jenereta. Moshi wake una sumu hiyo hiyo, na mahali pake ni nje, mbali na madirisha.

HITA INAVYOFANYA KAZI

Hita ya umeme haichomi makaa wala mafuta, na kwa hiyo haitoi sumu tuliyoieleza. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Joto lake hutokana na umeme kupita katika waya unaoupinga. Mwaka 1841 mtaalamu wa Kiingereza, James Prescott Joule, alieleza kanuni ya jambo hilo: umeme unaopita katika waya ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipewa hati ya kuvumbua mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao waweza kuwa mwekundu kwa moto muda mrefu bila kuungua upesi. Waya za namna hiyo ndizo zinazong'aa ndani ya hita nyingi hadi leo.

Ziko hita za aina tatu zinazopatikana sana madukani. Ya kwanza ni ile yenye vyuma vinavyong'aa vyekundu. Hiyo hutupa joto moja kwa moja kwa mtu aliyeketi mbele yake, kama jua linavyofanya, bila kungoja hewa ya chumba chote ipate joto. Yafaa kwa mtu anayesoma au anayekula kwa muda mfupi. Ya pili ni ile yenye feni, ambayo husukuma hewa ya moto na kukipasha chumba kidogo upesi. Ya tatu ni hita ya mafuta, yenye mbavu za chuma na magurudumu. Mafuta yaliyomo ndani yake hayachomwi na hayaongezwi. Kazi yake ni kulihifadhi joto. Huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na ngozi yake ya chuma haifikii ukali wa vyuma vinavyong'aa. Kwa chumba chenye watoto, hiyo ya tatu ndiyo ya kuchagua.

Muuzaji akikuambia kwamba hita yake ya wati 1,000 hutoa joto kuliko hita nyingine ya wati 1,000, usimwamini. Hita zote tatu hugeuza umeme wote kuwa joto, hakuna inayoongeza wala inayopunguza. Tofauti iko katika namna ya kuligawa joto hilo. Mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha ni mengine: kidhibiti cha joto kinachoizima na kuiwasha hita yenyewe, swichi inayoizima ikianguka, wavu imara wa kinga, na plagi yenye miguu mitatu.

GHARAMA NA BUSARA YA MATUMIZI

Umeme tunaoutumia hutoka kwa wingi katika maji ya mto Nile. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, hadi bwawa la Karuma lililozinduliwa mwaka 2024, taifa limegharimika sana kuupata. Kuupoteza ovyo ni kuitia hasara nchi na mfuko wa mwenye nyumba kwa pamoja.

Hesabu yake si ngumu. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa moja hutumia yuniti moja. Ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu hutumia yuniti 6, na kwa siku 30 ni yuniti 180. Linganisha na taa ya kisasa ya wati 10, ambayo hutumia yuniti moja kwa saa 100. Mwenye mita ya kulipia kabla na azidishe yuniti hizo kwa bei ya siku, ndipo ajue kama mshahara wake waweza kuibeba hita hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha hita, zuia kwanza joto lisitoroke. Nyumba ya mabati isiyo na dari hupoteza joto jingi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu ikakutana na bati baridi. Dari hata ya mbao nyepesi au ya mikeka hupunguza hasara hiyo, mradi isiwe karibu na waya zilizochakaa. Pazia zito dirishani na kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango husaidia sana. Kuziba huko kunafaa kwa hita ya umeme peke yake. Siku utakayoiingiza sigiri katika chumba hicho, kitambaa kile kile kitakuwa sababu ya msiba. Matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani yasizibwe kamwe.

Jambo la pili ni kuchagua chumba kimoja. Familia na ikae pamoja jioni katika chumba kimoja chenye joto, milango ya vyumba vingine ikifungwa. Washa hita nusu saa kabla ya kulala, kisha uizime mnapoingia kitandani na kuliachia blanketi kazi yake. Iko pia njia ya zamani ambayo haijapitwa na wakati, nayo ni chupa ya mpira ya maji ya moto. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kwa umeme hakuzidi sana sehemu moja kwa saba ya yuniti, na chupa hiyo hulipasha joto kitanda muda mrefu. Acha maji yapoe kidogo kabla ya kuyatia, funga kizibo sawasawa, na uifunike chupa kwa kitambaa ili isimwunguze mtoto.

HATARI IKO KATIKA WAYA

Watu wengi huiogopa hita yenyewe kwa kuwa wanaiona ikiwaka, lakini hawauogopi waya uliofichwa nyuma ya kabati. Katika nchi yetu umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Kwa nguvu hiyo hita ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na ya wati 3,000 huvuta ampea 12 na nusu. Plagi yetu ya miguu mitatu imewekewa fyuzi isiyozidi ampea 13. Maana yake ni kwamba hita kubwa huitumia soketi nzima karibu na mwisho wa uwezo wake, na haiachi nafasi ya pasi, birika wala kitu kingine.

Kwa sababu hiyo, hita na ichomekwe katika soketi ya ukutani moja kwa moja, peke yake. Ekstensheni nyembamba iliyonunuliwa kwa ajili ya redio na simu haikutengenezwa kwa mzigo huo. Ikumbukwe kanuni ya Joule: mzigo ukizidi mara mbili, waya huo mwembamba hupata moto mara nne. Ukiwa umeviringishwa, au umepitishwa chini ya zulia au godoro, joto lake halina pa kutokea. Mpira wake hulainika, waya mbili hugusana, na moto huanzia mahali ambapo hakuna anayetazama.

Dalili ya mvua ni mawingu. Soketi iliyogeuka rangi ya kahawia, plagi isiyoshikika kwa moto, harufu ya plastiki inayoungua, mlio wa kutatarika ukutani, taa zinazofifia kila hita inapowashwa: zote hizo ni onyo. Zima hita, ichomoe, na umwite fundi mwenye leseni. Kufungua ukuta na kujaribu mwenyewe si ushujaa.

Yako makosa mengine yanayoonekana katika kota zenye nyumba nyingi kwenye laini moja. Fyuzi inapokatika, mtu huweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya paketi ya sigara mahali pake. Plagi inapovunjika, mwingine huchomeka waya zikiwa tupu na kuzishikiza kwa njiti ya kiberiti. Fyuzi ni mlinzi. Hukatika yenyewe ili nyumba isiungue. Mguu wa tatu wa plagi nao ni wa waya wa ardhi. Umeme ukivuja katika chuma cha hita, hupitia huko badala ya kupitia mwilini mwa mtu. Kuviondoa viwili hivyo ni sawa na kumwondoa mlinzi langoni kisha kwenda kulala. Na yule anayejiunganishia umeme kwa wizi kutoka nguzoni anahatarisha kota nzima, mbali na kuvunja sheria ambayo sisi tumekula kiapo kuilinda.

MITA MOJA KILA UPANDE

Kanuni inayofuata ni ya umbali. Chochote kinachoweza kuungua na kikae mita moja au zaidi kutoka kwenye hita, kila upande. Pazia, godoro, blanketi na magazeti vyajulikana. Kinachosahauliwa mno ni chandarua. Chandarua ni chepesi, hupeperushwa na upepo mdogo, na kikishika moto huteketea kwa muda mfupi sana juu ya aliyelala. Mahali pa hita ni sakafuni, penye usawa, mbali na kitanda na mbali na njia ya kupita. Isiwekwe juu ya meza wala stuli, wala isiingizwe bafuni, kwa kuwa maji na umeme havipatani.

Kwetu sisi askari iko mitego ya pekee. Sare na soksi zilizolowa huanikwa juu ya hita ili zikauke kabla ya paredi ya asubuhi. Kufanya hivyo ni kuiziba njia ya joto. Hita hupata moto kupita kiasi, na nguo huungua kidogo kidogo bila ndimi za moto kuonekana. Sare na ianikwe kwenye kamba upande wa pili wa chumba. Dawa ya viatu nayo hushika moto kwa urahisi, na kopo lake lisiachwe karibu na joto. Petroli ya pikipiki isilale ndani ya nyumba kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni usionekane, na ukiufikia waya mwekundu wa hita hulipuka moto hata kama dumu lenyewe liko mbali.

Uko mtego mwingine unaoletwa na kukatika kwa umeme. Hita inawaka jioni, umeme unakatika, watu wanalala gizani wakaisahau. Asubuhi mtu anatupia nguo juu yake kwa kuwa ni baridi, kisha wote wanaondoka. Saa nne umeme unarudi, na ndani ya nyumba hakuna mtu. Dawa yake ni rahisi: umeme ukikatika, chomoa hita papo hapo, kabla hata ya kutafuta mshumaa. Hali kadhalika, usiiache ikiwaka katika chumba kisicho na mtu mzima aliye macho.

ZAMU YA USIKU NYUMBANI

Hakuna askari anayeirudisha bunduki ghalani bila kuikagua. Hakuna koplo wa zamu anayeondoka lindoni bila kumkabidhi mwenzake. Desturi hiyo na iingie nyumbani. Ateuliwe mtu mmajoja kila usiku, na jina lake lijulikane, ambaye kabla ya kulala atahakikisha kwamba hita imezimwa na kuchomolewa, sigiri iko nje, na njia ya mlangoni haina kizuizi. Kazi ya kila mtu mara nyingi huwa si kazi ya mtu yeyote. Mara moja kwa mwezi, hita ikiwa imechomolewa na imepoa, ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, hasa ile ya feni, na waya wake uangaliwe kutoka mwanzo hadi mwisho.

Moto ukitokea, watu watolewe kwanza. Mali ifuate baadaye au iachwe. Kama swichi kuu yafikika bila hatari, izimwe. Usimwage maji juu ya chombo chenye umeme, maana maji huupitisha umeme hadi kwa anayeyamwaga. Piga simu namba 999 au 112, ueleze mahali ulipo kwa ukamilifu. Aliyeshikwa na umeme asiguswe kwa mkono kabla umeme haujazimwa; ikishindikana, simama mahali pakavu umsukume kwa mti mkavu. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, samli na mafuta ya kupikia havitibu, bali huzuia joto kutoka na kumpa daktari kazi ya ziada.

Ndugu askari, wewe mume au mke uliye katika jeshi au polisi, kazi yetu hutuita wakati wowote. Amri ikitoka usiku, unaondoka, na huenda miezi ikapita kabla hujarudi. Hita inabaki, soketi inabaki, sigiri inabaki, na pamoja nazo wanabaki watoto na yule anayewalea. Mambo haya yakikaa kichwani mwako peke yako, yatakwenda nawe safarini. Kabla ya safari yako nyingine, keti na watu wa nyumbani kwako, waonyeshe swichi kuu ilipo, pima nao ile mita moja sakafuni, wafundishe namba za kupiga, na umwache kila mmoja akieleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini sigiri hailali chumbani. Tahadhari kabla ya hatari. Na atakayeihitaji tahadhari hiyo siku ya baridi kali huenda asiwe wewe.